Majivu ya Chisense

Mama Majivu alimimina chisense wakavu ndani ya kibakuli cheupe, akakiweka katikati ya makaa, akakaa kuwatazama wakiungua. Hakutia chumvi wala mafuta. Moshi ulipoanza kupanda alisogeza kiti chake upande usio na upepo, akaendelea kungoja. Weusi ukageuka kijivu, na kijivu kikageuka weupe, mpaka samaki waliojaa viganja viwili wakabaki majivu yanayoweza kukaa juu ya kijiko.

Chabu, aliyewavua samaki wale kwa kitambaa chake mwenyewe na kuwaanika kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa ameketi mlangoni akisugua vibakuli vya jana. Mara ya kwanza alipoona chakula kinachomwa hivyo, moyo ulimuuma kama mtu aliyeona mkate ukitupwa. Sasa alikuwa amezoea. Alileta samaki, akaosha vyombo, akasikiliza.

Jina halisi la muzungu yule lilikuwa refu na gumu, kwa hiyo wanawake wa Kashikishi, kando ya ziwa Mweru, walimpa jina la kazi yake. Alikuwa daktari, lakini hakutibu watu. Alikodi ghala tupu la Mgiriki mmoja mnunuzi wa samaki, akapanga ndani yake mizani ndogo, chupa na vibakuli. Beauty, jirani ya Chabu pale pa kuanikia, alisema kwamba bila shaka muzungu huyo alipokuwa msichana mama yake alimwambia aangalie chungu kisiungue, naye mpaka leo anaangalia tu. Wanawake walicheka mpaka ndege wakapata nafasi ya kuiba samaki.

Lakini Chabu alijua kidogo zaidi. Mama Majivu alikuwa amekaa miaka mingi Elizabethville, ng'ambo ya ziwa na mbali kusini, akiwatazama watoto wa kambi za wafanyakazi. Baadhi yao walikuwa na matege, miguu imepinda kama upinde wa kuwindia. Aliandika habari zao, na maandishi yake yakachapishwa Ulaya katika gazeti linalosomwa na madaktari tu. Humo alisema kwamba watoto wale wamekosa chokaa, ile inayofanya mfupa uwe mfupa. Sasa alikuja Mweru kuuliza kwa nini watoto wa hapa wamenyooka, na macho yake yakawaangukia chisense, samaki wadogo wanaoliwa wazima, kichwa na miiba. Nyama inaungua, alisema, chokaa haiungui. Inabaki katika majivu, na majivu yanapimika.

Haya yote aliyasema kwa Kiswahili cha Kongo, kile cha sokoni, ambacho wavuvi wa Nchelenge walikitumia kwa wanunuzi na wakakiacha mlangoni wanaporudi nyumbani kwenye Kibemba chao. Chabu alikisikia vizuri. Na alikuwa na sababu ya kusikia.

Nyumbani kwake, ndani ya chumba kisicho na dirisha, alikaa mjukuu wake Jessy. Mtoto alikuwa ameshapita umri wa kukimbia, lakini alijisogeza kwa makalio, akijivuta kwa mikono. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vinene kama vimefungwa bangili chini ya ngozi. Akilala, kichwa chake kilitoka jasho hata wakati wa baridi. Miguu yake ilipinda nje, kisha ikarudi ndani.

Febby, bintiye Chabu, alikuwa amemzaa mtoto huyo Elizabethville, ambako mumewe Rodwell alifanya kazi reli. Miguu ilipoanza kupinda, Rodwell alimpandisha mkewe lori la samaki, akamrudisha ziwani kwa wazee. Aliahidi kufuata.

Mama yake Rodwell aliishi Nchelenge, mwendo mfupi kutoka hapo. Watu walimwita Bana Rodwell, kwa jina la mwanawe, kama walivyomwita Chabu Bana Febby. Alimtazama mtoto mara moja tu, akajua. Kwa mila yao, kila ndoa ina chungu chake kidogo. Mume na mke hukishika pamoja juu ya moto, maji yakipata joto hunawishana mikono, moto wa zamani unazimwa, mpya unawashwa, na nyumba inakuwa safi. Mmoja wao akienda nje ya ndoa, kisha akagusa moto wa nyumbani kabla ya chungu kushikwa, anayeumia ni mtoto. Bana Rodwell hakusema kwamba mwanawe alikosa, wala hakusema kwamba Febby alikosa. Alisema tu kwamba chungu kinangoja mikono minne, na mpaka Rodwell afike, mtoto asitoke nje, asiwekwe mbele ya macho ya watu.

Chabu alikubali. Jumapili aliimba kanisani kama wenzake, na siku nyingine zote aliogopa chungu kama wenzake, na hakuona kwamba mambo haya mawili yaligombana. Nyumba inaweza kuwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Mvua zikaanza, mvua zikanyesha, mvua zikaelekea kwisha. Rodwell hakuja. Watu wa malori walileta salamu zake: bwana wa reli bado hajampa ruhusa.

Ndipo Chabu alipomsikia Mama Majivu akisema kwamba ndani ya majivu yale mnakaa nguvu ya mifupa.

Baada ya kupima, muzungu alitupa mabaki nyuma ya ghala. Chabu aliomba kimoyomoyo, akayaokota kabla upepo haujayachukua, akayafunga kwenye pindo la kitenge. Nyumbani aliyakoroga katika uji wa Jessy. Alifanya hivyo kila alipopata majivu, na kila alipokoroga alisema, "Bwana, yabariki." Mtoto alikunja uso, akameza. Chabu alimshika miguu jioni, akaipapasa kama anavyopapasa samaki kujua kama amekauka. Haikubadilika. Ilizidi kupinda.

Asubuhi hiyo, basi, alipokuwa mlangoni na vibakuli, aliuliza bila kuinua kichwa.

"Dokta, majivu ile inakawia namna gani mpaka mifupa ya mutoto inapata nguvu?"

Mama Majivu alikuwa ameshika mizani. Akaiweka chini.

"Nani anakula majivu?"

Chabu alisugua kibakuli kilichokuwa kimeshatakata.

"Mutoto wa binti yangu."

Muzungu hakucheka, wala hakukasirika kuhusu majivu. Aliuliza juu ya miguu, juu ya mikono, juu ya jasho la kichwani, na kila jibu lilimfanya atikise kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za kijiji alichowahi kuishi. Kisha akauliza mtoto analala wapi.

"Mu nyumba."

"Na mchana?"

"Mu nyumba."

"Tangu lini?"

"Tangu mbele ya mvua. Na kule Elizabethville pia, mama yake alikuwa anafunga mulango. Barabara yabo iko na malori mingi."

Mama Majivu alivuta kiti, akaketi karibu naye, magoti yao yakakaribia kugusana. Alimweleza polepole. Chokaa peke yake haiwezi kitu, alisema; inaingia kinywani, inapita tumboni, inatoka. Lazima pawe na kitu cha kuipokea na kuiingiza katika damu, na kitu hicho kinatengenezwa na jua katika ngozi ya mtu. Kisha akaweka kidole chake kooni.

"Hapa mu shingo kuko bintu bidogo bine, sawa mbegu za mupunga. Kazi yabo ni kuchunga damu. Damu ikikosa chokaa, banatuma mujumbe kwa mifupa: leteni. Mifupa inaleta. Kesho mujumbe anarudia, mifupa inaleta tena. Mpaka inabakia mororo."

Chabu alielewa mjumbe. Aliwahi kuona, akiwa msichana mwaka wa njaa, jinsi wajumbe wa chifu walivyokuja kwenye ghala la mihogo la baba yake, wakaja tena, mpaka kuta za ghala zikalegea kwa kukosa cha kuzishikilia.

"Mimi nilileta chokaa," alisema.

"Ulileta. Lakini ulileta usiku, mulango ukiwa umefungwa." Muzungu akatazama vibakuli vyake. "Hata mimi. Mu ile niliandika, chokaa niliiweka mbele. Jua niliiweka mwisho, mustari mumoja tu. Nilisema, mu inchi hii nani atakosa jua?"

Chabu aliuliza kama hakuna dawa ya chupa. Ipo, alijibiwa, mafuta ya maini ya samaki wa baharini, na Mama Majivu angeyaagiza siku hiyohiyo. Lakini barabara ya Kawambwa ilikuwa imekatwa na maji na hakujua yangefika lini. Akauliza kama maini ya samaki wa Mweru yangefaa. Muzungu akasema bado hajayapima, na kitu ambacho hajakipima hawezi kukiahidi.

"Mutoshe inje, ku jua," alisema. "Kesho. Miguu na mikono bila nguo. Mifupa yake ingali mororo, inaweza kunyooka. Ikikauka vile iko, itabakia vile."

Hapo Chabu hakuhitaji maelezo. Chisense akikaukia amejikunja, hata umloweke kutwa, hanyooki.

Alijaribu kumweleza habari za chungu. Mama Majivu alisikiliza mpaka mwisho. Alijitolea kwenda kuzungumza na Bana Rodwell. Chabu akamshukuru, akakataa. Ingesemwa kwamba muzungu ameingia katika moto wao.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado juu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Febby alikuwa anatwanga mihogo uani. Chabu hakumwita mara moja. Aliingia ndani, akangoja macho yazoee giza. Jessy alikuwa kwenye kona ya ukutani. Pale zamani palikuwa na ufa, na mwanga uliingia kama uzi, na mtoto alipenda kuweka vidole vyake juu ya ule uzi na kuvitazama. Chabu mwenyewe ndiye aliyeuziba kwa udongo, ili watu wasichungulie. Mtoto alikuwa bado anakaa palepale.

Chabu akapiga magoti. Alizoea kuomba kwa maneno mengi, lakini siku ile yalikuwa machache. "Bwana, mimi sijui chungu, na sijui chokaa. Wewe uliyetengeneza jua ulikuwa na sababu." Akakaa hivyo mpaka kinu kikanyamaza nje.

Alimweleza Febby yote. Binti alisikiliza akiwa ameshika mchi, unga umemtapakaa mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Kwa hiyo ni mimi," Febby alisema. "Ni mimi niliyefunga mlango."

"Ulifunga mlango malori yasimkanyage. Mimi niliziba ufa. Sikuja kukuhesabia makosa, mwanangu. Nimekuja kukuuliza kuhusu kesho."

Febby aliketi kizingitini. Alisema alichokuwa anakijua kila mtu. Mtoto akitolewa kabla ya chungu, ni kusema mbele ya watu wote kwamba upande wa mama hawamngoji tena Rodwell. Ni kuvunja ndoa bila kufungua kinywa. Bana Rodwell atakuja kuchukua chungu chake, na Rodwell, akipata habari, atasema vema, na huko mjini wanawake hawakosekani.

"Nampenda, mama," alisema. "Si mtu mbaya. Ni mtu wa kuahirisha."

"Najua."

"Akija wiki ijayo je?"

Wote wawili walikuwa wamesema maneno hayohayo kabla ya mvua. Ndani, Jessy alisikika akijivuta sakafuni, akitulia kupumzika, akijivuta tena. Febby alisikiliza sauti ile kwa muda. Kisha akainuka, akaendelea kutwanga mpaka giza likaingia.

Asubuhi Chabu aliinama kuokota mkeka wake na kapu la samaki wabichi. Aliposimama, alimkuta bintiye nyuma yake na mtoto mikononi. Febby alimweka Jessy mgongoni mwa mama yake, akamzungushia kitenge, akafunga fundo kifuani, akalifungua, akalifunga upya kwa nguvu zaidi.

"Usimfunike miguu," alisema.

Kashikishi ilikuwa imeshaamka. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wanabishana kwa Kiswahili juu ya mafungu ya samaki waitwao pale na mpumbu, moshi wa vichanja vya kukaushia ulitambaa chini chini. Sehemu ya wanawake ilikuwa mbele zaidi, mahali penye mchanga safi usio na kivuli. Chabu alipofika na mzigo ule mgongoni, mazungumzo yalikatika. Kila mtu alikuwa anajua nani yumo nyumbani kwa Bana Febby, na kwa nini.

Alitandika mkeka. Akamwaga samaki, akawatawanya kwa kiganja mpaka kila mmoja akalala peke yake, amenyooka. Upande mmoja aliacha nafasi. Akafungua fundo, akamketisha Jessy pale, akaivuta miguu yake mbele.

Mtoto alipiga kelele. Alifunika macho kwa mikono miwili, akajikunja, akataka kurudi gizani chini ya kitenge. Chabu alimshika mabega. Wanawake walitazama miguu ile iliyopinda, kisha wakatazama ziwa.

Beauty ndiye aliyekohoa kwanza.

"Bana Febby," alisema, "leo umeleta samaki mkubwa. Huyo lazima umgeuze mara nyingi."

Mtu mmoja alicheka, halafu mwingine. Hakikuwa kicheko kibaya. Beauty alikuja na fimbo yake ya kufukuzia ndege, akaketi upande wa pili wa mkeka bila kuombwa. Baada ya muda Jessy alifungua vidole viwili, akachungulia. Alikuta mkono wake mwenyewe, mweupe kwa mwanga. Akaushusha, akaugusa mchanga, akamgusa samaki mmoja, akamwinua kwa mkia na kumtazama kwa makini.

Habari zilitembea haraka kuliko baiskeli. Kabla samaki hawajageuzwa, Bana Rodwell alikuwa anakuja ufukweni, amejifunga kilemba cha kwendea kanisani. Hakuwa na haraka. Alipita mitumbwi, akapita vichanja, akaja akasimama mbele ya mkeka. Wanawake waliinamia samaki wao.

"Mwashibukeni mukwai, Bana Febby," alisema, kwa maana salamu haiachwi.

"Eya mukwai, mama."

"Umemtoa."

"Nimemtoa."

Bana Rodwell alimtazama mtoto. Uso wake haukuonyesha kitu. Chabu alijitayarisha kwa maneno makali, hata alikuwa ameyapangia majibu njiani: muzungu, shingo, mjumbe, jua. Lakini mwanamke yule aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Unafikiri nilishikilia habari ya chungu kile kwa ubaya? Mwanangu alikwenda kule akiwa kijana asiye na ndevu. Mazishi ya baba yake hakuja. Nikasema, kwa ajili ya chungu atakuja, maana hapana mwingine anayeweza kukishika badala yake. Hiyo ndiyo kamba niliyobaki nayo. Mkiikata, nimwite kwa kitu gani?"

Chabu hakuwa amefikiri hivyo hata siku moja. Majibu yote aliyoyapanga yalimtoka. Alimtazama Bana Rodwell, akaona chini ya kilemba kizuri mama aliyekuwa anangoja malori kama wao, pengine kwa muda mrefu kuliko wao.

"Chungu kipo," alisema mwishowe. "Hatujakivunja. Akija leo, Febby atakishika naye. Akija mwaka kesho, atakishika naye, kama bado anamtaka. Lakini miguu ya mtoto haimngoji, mama. Inakauka."

Bana Rodwell alisimama vilevile, jua nyuma yake, mikono imekunjwa juu ya kitenge. Nyuma kabisa, kwenye njia ya kutoka kijijini, Febby alikuwa amefika. Alisimama karibu na mtumbwi wa kwanza, mikono bado na unga, asisogee mbele wala asirudi.

Chabu alitazama chini. Kivuli cha Bana Rodwell kilikuwa kimelala juu ya mkeka. Kilikuwa kimewapita samaki, kikakatisha miguu ya Jessy kutoka magotini mpaka nyayoni. Mtoto alikuwa ameiona tofauti. Aliingiza kidole kivulini, akakitoa, akakiingiza tena.

"Nisamehe, mama," Chabu alisema kwa upole. "Sogea kidogo. Unamzuilia jua."

Beauty aliacha kupunga fimbo. Ndege mmoja alishuka, akanyakua samaki, akaenda zake, na hakuna aliyemfukuza.

Bana Rodwell alitazama chini, akaona mahali kivuli chake kilipoangukia. Alikaa akikitazama. Kisha akasogeza mguu mmoja mchangani, na baadaye ule wa pili, na kivuli kikatoka magotini kwa Jessy, kikateleza juu ya nyayo, kikaenda kulala juu ya samaki.